Kwanzaa kwa A Mbili

"Habari gani?" mkutubi aliuliza.

"Ujima!" ukumbi mzima ukaitikia, watoto kwa wazee, kwa furaha ya watu waliokuja na jibu lao tangu nyumbani.

"Muzuri!" akajibu mama mmoja nyuma yangu, peke yake, kwa sauti tulivu ya mtu aliyesalimiwa na mwenyeji wake.

Watu wachache waligeuka. Nami niligeuka, maana muzuri ile ilikuwa ya Kivu, mashariki mwa Kongo, kabisa, na sikutarajia kuisikia Jumamosi ya tarehe 28 Desemba ndani ya maktaba ya umma, katika mji wa kaskazini mwa Marekani, nje theluji ikiwa imefika magotini. Mama mwenyewe alikuwa amemezwa na koti kubwa, kitenge kikichungulia chini yake, na watoto watatu wamemzunguka. Baadaye aliniambia kuwa hakuja kwa ajili ya sikukuu yoyote. Alikuja kuchapisha fomu kwenye kompyuta za maktaba, akapita mlangoni pa chumba cha mikutano, akasikia mtu anasalimia kwa Kiswahili. Akaona ni utovu wa adabu kupita bila kuitika.

"Kaka," alininong'oneza, "hawa banasema nini?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza. Hii ni sikukuu ya Wamarekani Weusi, inaitwa Kwanzaa, inaanza tarehe 26 Desemba na kuisha tarehe mosi Januari. Kila siku ina neno lake. Ukiulizwa habari gani, hujibu hali yako, unajibu neno la siku. Jana lilikuwa Kujichagulia, leo ni Ujima, kesho Ujamaa.

Akafikiri kidogo. "Na mugonjwa," akauliza, "anajibu nini?"

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo.

Mbele yetu palikuwa na meza. Juu yake mkeka, juu ya mkeka kinara cha mbao chenye mishumaa saba: mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu upande huu, mitatu ya kijani upande ule. Palikuwa na mahindi, bakuli la matunda na kikombe cha mbao. Mishumaa ilikuwa ya betri, ikipepesa kwa kuigiza upepo usiokuwepo, maana sijamwona bado mkutubi atakayekubali moto wa kweli hatua kumi kutoka kwenye rafu zake. Kila kitu kilikuwa na kijikaratasi chenye jina lake kwa Kiswahili. Mkeka. Kinara. Mazao. Zawadi. Muhindi.

Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza. Mama yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu aliyesahihisha hadi kadi za harusi kwa wino mwekundu kabla ya kuamua kama atakwenda, nami nimerithi mkono wake. Muhindi! Desturi yenyewe inasema kwa kila mtoto wa nyumba uwekwe muhindi mmoja mkekani. Kamusi za zamani zitawatetea, kwa kuwa mmea wa mahindi ni mhindi au muhindi kweli, lakini mtu aliyekulia Dar es Salaam akisikia kila mtoto awekewe Muhindi wake mkekani, kichwani mwake anamwona mwenye duka la vitambaa ameketi juu ya ukili, amekunja miguu, anashangaa. Kinara nacho, kwetu, ni mshambuliaji anayeongoza kwa mabao, na Kenya ni mkuu wa chama cha siasa. Ujima ndio ulionimaliza. Katika vitabu vyetu vya historia vya shule ya msingi, ujima ni ule mfumo wa kwanza kabisa, watu wanawinda, wanachimba mizizi na kugawana nyama, kabla ya ukabaila kuja na kuwaharibia. Tuliukariri ili tuufaulu mtihani, kisha tukauacha hukohuko mapangoni. Na sasa ukumbi mzima wa watu waliovaa vizuri ulikuwa ukiushangilia.

Halafu lile jina lenyewe. Kwanzaa, kwa a mbili. Kisa kinachosimuliwa ni kwamba katika sherehe ya kwanza palikuwa na watoto saba, kila mmoja akitaka kushika herufi moja, na neno kwanza lina herufi sita. Badala ya kumliza mtoto wa saba, wakaongeza a. Mama yangu angesema mtoto huyo angefundishwa subira. Mimi nilipokisikia kisa hiki mara ya kwanza nilisema vivyo hivyo, na miaka kadhaa nikakaa mbali na sikukuu hii kama mtu anayekaa mbali na ndugu anayemwaibisha.

Mwanzo wake unajulikana. Agosti 1965 mtaa wa Watts, Los Angeles, uliwaka kwa siku sita baada ya polisi kumkamata dereva kijana Mweusi, na watu 34 wakafa. Mwaka uliofuata mwanaharakati aliyezaliwa Ronald Everett, ambaye sasa alijiita Maulana Karenga, alitunga sikukuu kwa ajili ya watu waliokuwa wakiishi kwenye majivu hayo. Alichukua sherehe za malimbuko zinazojulikana sehemu nyingi za Afrika, hasa kusini, akazivika maneno ya Kiswahili, akaziweka kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Karenga mwenyewe si mtu mwepesi kumsifu. Mwaka 1971 mahakama ya California ilimtia hatiani kwa kuwashambulia wanawake wa kundi lake, akafungwa hadi 1975. Wako wanaoikataa Kwanzaa kwa sababu hiyo tu, nami siwalaumu. Lakini sikukuu hazikai na waliozianzisha. Hii ilihama mikononi mwake, ikaingia majumbani, makanisani, shuleni, na mwaka 1997 posta ya Marekani ikaitolea stempu.

Kuna jambo la tarehe ambalo linanichekesha. Mshumaa wa Ujamaa uliwashwa kwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 29 Desemba 1966. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967. Neno Mwalimu Nyerere alilianza mapema, tangu kijitabu chake cha 1962, hilo halina ubishi. Ila kama sikukuu, kwa maana ya kuwekewa siku yake, taa yake na watoto wake, ujamaa uliwahi kwanza Marekani. Na ndiko unakoendelea. Kwetu mwanafunzi akiulizwa ujamaa ni nini, anataja vijiji na kasoro zake tano kwa mpangilio wa mwalimu. Pale maktabani msichana wa miaka minane alisema ujamaa ni kununua kwa mama anayesuka nywele mtaani kwao badala ya kwenda mbali. Si jibu la Mwalimu, lakini nimeyasikia mabaya zaidi kutoka kwa wasomi.

Watu wengi kabla yangu wameuliza: kwa nini Kiswahili? Waafrika waliovushwa Atlantiki hadi Marekani ya Kaskazini walitoka zaidi Senegambia, Pwani ya Dhahabu, Ghuba ya Biafra, Kongo na Angola. Waliondoka na Kiwolof, Kimandinka, Kiigbo, Kikongo. Waliotoka upande wetu wa bahari walikuwa wachache sana kati yao. Jibu lililotolewa ni kwamba ilitakiwa lugha isiyo ya kabila moja, ya Afrika nzima kwa roho kama si kwa ramani. Na tukumbuke Kiswahili cha 1966 kilikuwa kinanukia nini. Dar es Salaam palikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Malcolm X alikuwa amepita hapo 1964. Kijana Mweusi wa Los Angeles aliyejifunza kusema uhuru alikuwa anajifunza neno lililokwisha kufanya kazi mahali fulani.

Sawa. Ila lugha hiyohiyo ilifanya na kazi nyingine. Kwa Kiswahili watu walihesabiwa kwenye misafara ya kwenda Bagamoyo, na kwa Kiswahili walipangiwa bei Mkunazini, mpaka soko la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa palepale. Mtwana, kijakazi, mjakazi: maneno hayo hatukuyaazima kwa Wazungu. Nimewahi kutaka kumwambia jambo hili mtu wa Kwanzaa, kwa ule uchungu wa msahihishaji, kwamba lugha uliyoichagua ikutoe utumwani nayo iliwahi kushika mnyororo. Sikumwambia, na nafurahi. Kwanza, angeweza kunijibu kwamba hata Kiingereza, lugha aliyozaliwa nayo bila kuulizwa, kilishika mnyororo wake mwenyewe, na kwa muda mrefu zaidi.

Pili, nilimkumbuka babu yangu. Babu hakuzaliwa na Kiswahili. Alikipata ukubwani akiwa manamba kwenye shamba la mkonge, kwa amri na matusi ya wanyapara, na mpaka anakufa aliomba kwa lugha nyingine. Watoto wake ndio waliokifanya cha nyumbani. Kwa hiyo umiliki wangu wa lugha hii, niliotembea nao Marekani kama hati ya kiwanja, una umri wa vizazi viwili. Mama yule wa Kivu naye alizaliwa na lugha nyingine, akakutana na Kiswahili sokoni, kisha akakaa nacho miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akisubiri jina lake lisomwe. Mle chumbani hamkuwa na mtu hata mmoja ambaye Kiswahili kilimwangukia tu kutoka mbinguni.

Lakini nataka kusema juu ya nyumba iliyotukutanisha, maana sidhani kwamba tungekutana penginepo. Kanisani kwake nisingekwenda, na msikiti wa mtaani kwangu asingekuwa na sababu ya kuingia. Majumba makubwa ya biashara yanakaribisha watu wote Desemba, ila kwa mtu asiye na fedha ukarimu ule una saa zake. Maktaba ya umma ina joto, ina choo, ina viti, na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini. Marekani ina zaidi ya majengo 16,000 ya maktaba za umma. Ile ya Boston imechongewa juu ya mlango wake mkuu maneno yasemayo kwamba ni bure kwa wote, tangu 1895. Wakati wa baridi kali maneno hayo si mapambo. Kuna wazee wanaokuja kunapofunguliwa tu na kuondoka taa zinapozimwa, wamekaa mbele ya gazeti lilelile.

Na Desemba nyumba hii inaingiwa na wazimu mtamu. Kunajengwa vijumba vya biskuti za tangawizi, watoto wanalamba ukuta kabla paa halijakaa. Kuna mti usiotundikwa mapambo bali glavu na kofia za sufu: mwenye nazo anatundika, asiye nazo anachuma, na hakuna anayeandika jina. Maktaba nyingi zilikuwa na desturi ya kusamehe faini za vitabu vilivyochelewa kwa mtu aliyeleta makopo ya chakula kwa ajili ya maskini, deni la riwaya likalipwa kwa maharage, mpaka nyingine zikaona ni afadhali kuzifuta faini zenyewe. Chicago ilifanya hivyo 2019, New York 2021. Na kuna sherehe ya mwaka mpya ya watoto ambayo naipenda kupita zote. Kwa kuwa watoto hulala mapema, maktaba inahesabu tano, nne, tatu, mbili, moja na kurusha maputo saa sita mchana, tarehe 31. Wenyewe wanaona ni ujanja mkubwa kuigeuza saa ile. Sisi saa hatuna haja ya kuigeuza: saa sita ni saa sita, tofauti ni jua tu.

Kwa nini maktaba isifanye Krismasi peke yake ikaishia hapo, kama watu wengi wa mji wanavyosherehekea? Sehemu ya jibu ni sheria. Maktaba ni ya serikali ya mji, na Katiba ya Marekani inaikataza serikali kuwa na dini. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Pittsburgh: hori la mtoto Yesu ndani ya jengo la mahakama halikuruhusiwa, lakini kinara cha Kiyahudi nje ya jengo jingine, kando ya mti wa Krismasi, kiliruhusiwa. Majaji walichambua mapambo kama mama wakwe wanaochambua mchele. Tangu hapo nyumba za umma zimejifunza kupakua kila chungu kidogokidogo, Krismasi, Hanuka, Kwanzaa, na huko nyuma kidogo Diwali. Mtu akitaka anaweza kuiita woga. Nimeiita hivyo mimi mwenyewe.

Ila wako wakutubi waliofanya hivyo pasipo mahakama kuwasukuma. Pura Belpré, mkutubi wa kwanza kutoka Puerto Rico katika maktaba za umma za New York, alihamishiwa tawi la Mtaa wa 115 mwaka 1929, kwenye kitongoji kilichokuwa kinajaa wahamiaji wa kwao. Watu hao walipita nje ya maktaba wakidhani ni ya wenye Kiingereza. Belpré aliwafuata makanisani na kwenye vyama vyao, akaanza kuwasimulia watoto hadithi kwa Kihispania, na akaiingiza maktabani sikukuu yao ya Wafalme Watatu, ya tarehe 6 Januari. Fikiria mama wa wakati ule anapita njiani, anasikia wimbo wa kwao unatoka dirishani mwa jengo la serikali. Anasimama. Kisha anaingia, pengine naye kwa sababu aliona aibu kupita bila kuitika.

Na milango hii haikuwa wazi siku zote, hilo lisisahaulike kwa ajili ya utamu wa biskuti. Tarehe 21 Agosti 1939, huko Alexandria, Virginia, vijana watano Weusi waliovaa nadhifu waliingia maktaba ya mji, mmoja baada ya mwingine, wakaomba kadi, wakanyimwa. Kila mmoja akachukua kitabu rafuni, akaketi meza yake, akasoma kimya. Polisi waliitwa kuwakamata kwa kuvuruga amani. Mpangaji wa jambo lile, wakili kijana Samuel Tucker, alisubiri habari ofisini kwake. Mji ukaona ni rahisi zaidi kuwajengea Weusi maktaba yao ndogo kuliko kuwagawia kadi, na Tucker alipopewa kadi ya hiyo ndogo akaikataa.

Nikisoma habari hizo najikuta nimehamia Nairobi. Maktaba ya McMillan ilifunguliwa 1931, nguzo nzito mbele, simba wa mawe pande mbili za ngazi, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma mpaka 1958. Miaka ishirini na saba ile simba walikuwa na kazi. Leo matawi yake ya Kaloleni na Makadara yana watoto wanaochora na kusimuliana hadithi sakafuni, baada ya Wanjiru Koinange na Angela Wachuka kuanzisha kazi ya kuyafufua kwa kushirikiana na serikali ya jiji.

Mimi maktaba yangu ilikuwa Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ile aliyoifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967. Desemba tulijaa pale. Lakini hatukwenda kwa sikukuu wala, nitasema kweli, kwa vitabu vyake. Tulikwenda na madaftari yetu, tukatafuta kiti karibu na feni, tukakariri. Maktaba kwetu ilikuwa mahali pa kunyamaza. Msimamizi aligonga meza kwa rula, tukainamisha vichwa, na ujima ukaingia kichwani mstari baada ya mstari. Ningeambiwa siku moja kwamba ndani ya jengo la namna ile watu watapiga ngoma, ningedhani anayesema amepatwa na homa.

Sikukuu sisi tuliifanyia uani. Krismasi kwa akina fulani ilikuwa pilau ya mtaa mzima. Idi vilevile, na watoto wa Kikristo walikuwa wa kwanza kudai mkono wa Idi. Sinia lilivuka ua na ua limefunikwa kwa kawa, na mama alikuwa na sheria moja tu, kali kuliko zote za sarufi: sahani ya jirani hairudi tupu. Ukikosa kingine, weka hata ndimu. Nafikiri kwa sababu hiyo hatukuihitaji maktaba itukutanishe. Kuta zetu zilikuwa fupi. Siku hizi, nikirudi Dar, nakuta nyumba zimepandisha kuta na kuziwekea vipande vya chupa juu, na sinia lingevukia wapi sijui.

Turudi ukumbini. Ilifika zamu ya zawadi. Mwongozo wa Kwanzaa unataka zawadi za watoto zisikose kitabu, na nadhani hapo ndipo sikukuu hii ilipojichongea njia ya kufika maktabani, kama maji yanavyojua bonde. Mkutubi, mama mtu mzima mwenye nywele za mvi zilizosukwa mistari, alitoa rafuni kitabu cha alfabeti cha Muriel Feelings, kilichochorwa na Tom Feelings, kile cha 1974 kinachoanza na neno jambo kwenye jalada lake. Muriel aliwahi kufundisha Uganda, na maneno aliyachagua kwa mkono wa mtu aliyeishi nayo. Alfabeti hiyo haina Q wala X. Watoto wa pale walisikitika kwa ajili ya herufi hizo mbili zilizonyimwa mwaliko.

Mkutubi alikuwa anasoma neno, na ukumbi unarudia. Alisoma kwa uangalifu, akikanyaga kila silabi kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Binti mkubwa wa yule mama wa Kivu, miaka tisa hivi, alikuwa amekaa mbele. Akaanza kusema maneno kabla ya mkutubi kuyafikia. Mara ya kwanza kwa chini, mara ya pili ikasikika. Mkutubi akafunga kitabu kidole kikiwa ndani, akamwuliza kwa Kiingereza amejifunzia wapi. Mtoto akamtazama mama yake. "Nyumbani," akasema, kwa Kiswahili, kama vile ndilo lilikuwa neno linalofuata.

Akapewa kitabu asome yeye. Alisoma kwa lafudhi ya Kivu iliyopita Kigoma, irabu pana, na ukumbi wa watu waliozaliwa Ohio na Alabama ukarudia nyuma yake kwa lafudhi hiyohiyo. Mkono wangu wa wino mwekundu ulitikisika kidogo, kisha ukatulia. Nilipoulizwa baadaye jibu sahihi la habari gani kwa kawaida ni lipi, nilisema nzuri, mama akasema muzuri, na mkutubi akayaandika yote mawili ubaoni, chini ya Ujima.

Kufunga shughuli waliita "Harambee!" mara saba, mikono ikivuta hewa chini kama watu wanaoteremsha tanga. Neno lile lililoandikwa kwenye nembo ya Kenya, lililotoka kwa watu wanaovuta kitu kizito pamoja. Mara ya kwanza nilipapasa mfuko. Kwetu neno hilo likitajwa hadharani kuna mchango unapitishwa.

Hakuna aliyepitisha kitu. Badala yake tulikaribishwa mezani, kwenye vyakula vilivyoletwa na wenyeji: mikate ya mahindi, majani yaliyopikwa sana, wali na kunde. Wamarekani Weusi wa Kusini hula kunde Mwaka Mpya kwa ajili ya bahati. Mbegu yake ilitoka Afrika na ikavuka bahari pamoja na watu, ndani ya meli zilezile. Kama ni matunda ya kwanza, nilijiambia, haya hapa, tena hayakuhitaji kamusi.

Mama alichota, akaonja, akafumba macho. Akaonja tena.

"Hizi ni kunde," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Banasahau mawese."

Mimi nilikuwa nafikiri wamesahau nazi, lakini nilinyamaza. Akakomba sahani mpaka ikang'aa, akaikunja mikononi, sahani ya karatasi ile ya kutupwa, na hakuitupa. Akanituma nimwulize mkutubi shughuli hii itakuwa lini mwakani, na kama mtu wa nje anaruhusiwa kuleta chungu chake. Nikauliza. Mkutubi akafungua kalenda mpya, bado ina harufu ya dukani, akatafuta Desemba kule mwisho kabisa, akaniuliza chakula chenyewe kinaitwaje kwa Kiswahili.

Nikamtajia. Akaandika kwa penseli, kwa herufi kubwa, akiinamia ukurasa: KUNDEE.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyohivyo," nikamwambia.